Kuku ya Gitari Lazima Gitari Aione

Tata yangu anaitwa Ciakuthii. Tata ni dada ya mama, kwetu Embu ndio tunaita hivyo. Naandika juu yake kwa sababu watu wa soko yetu ya Karurumo bado wanabishana kama ile mwaka ya homa ya ndege alikosea ama hakukosea. Mimi nilikuwa hapo, niliona yote, na bado sijui.

Kwanza mjue vile anaishi. Nyumba yake iko chini ya soko, ile mteremko ya kuelekea mto, kahawa kidogo upande huu, ndizi upande ule, na kuku kila mahali. Bwana yake, Runji, alikuwa anafanya kazi ya barabara, akafa siku lori ya kokoto ilipinduka. Tata hakuolewa tena, na pia hakukaa chini kulia. Alianza kuweka kuku za watu.

Hii maneno ya kuweka kuku za watu, mgeni haielewi mara moja. Hapa mtu hawezi kuacha kuku zake zote boma moja. Ukiwa na tetea saba, tatu unapeleka kwa rafiki, kwa sababu mwewe na mwizi na ugonjwa hawawezi kuingia boma zote siku moja. Rafiki anakulelea, vifaranga mnagawana. Kwa hivyo unaweza kukuta mtu ana kuku ishirini kwake na hakuna hata moja yake, na zake ziko ng'ambo ya mto zinakula mahindi ya mtu mwingine. Tata alikuwa na mkono wa kuku. Kuku ikilalia mayai kwake, inaangua yote. Karibu mteremko mzima walimletea. Alikuwa anafunga kila moja uzi kwa mguu: nyekundu ni ya mzee Gitari, bluu ni ya Mwalimu Ednah, na zingine hivyo hivyo.

Sheria ilikuwa moja. Kuku ya mtu ikikufa kwako, unambebea mpaka kwake aione na macho yake. Usipoonyesha, umekula. Hakuna mtu atakuambia umekula, lakini hataleta ingine. Tata alifanya hivyo miaka kumi na nane. Kuna kuku moja mwewe alikula akaacha bawa, na tata akavuka mto kwa mvua kupeleka bawa.

Mimi nilikuwa nimeachana na shule nikiwa form two. Nilijaribu Embu town, nikakaa mtaa wa Majimbo na rafiki yangu tukiosha magari, mambo ikakataa. Nikarudi kwa tata. Alinipea chakula na hakuniuliza swali.

Sasa, 2006, redio ikaanza. Ati kuna homa inauwa kuku huko nchi za mbali, ati inabebwa na ndege wa porini wenye wanaruka kutoka Ulaya kuja kwa maziwa zetu, na mtu pia anaweza kushikwa akufe. Huku kwetu hakuna mtu alikuwa amegonjeka, lakini Salesio mwenye hoteli hapo soko akafuta kuku kwa ubao wake. Watu wakaanza kuangalia yai vile unaangalia nyoka.

Chief akaita baraza. Alikuja na daktari wa mifugo, mtu wa kutoka Ruiri huko Meru, anaitwa Muthamia, kijana mpole wa gambuti. Akasema kuku zikianza kukufa nyingi, usishike, usikule, usitupe kwa mto, usihamishe, ripoti.

"Na mayai?" mama mmoja akauliza.

"Chemsha mpaka iwe ngumu."

"Redio ilisema tusikule kabisa."

"Hiyo redio sikuskia. Chemsha."

Mzee Gitari akainua fimbo. Huyo mzee hawezi kaa kwa baraza bila kuchekesha watu. "Dagitari, na mwewe akibeba kuku ya ugonjwa akule huko juu ya mti, ni nani ataripoti mwewe?"

Watu wakacheka. Muthamia pia akacheka. "Mzee, mwewe tutamshika baadaye. Wewe ripoti yako."

Tukapewa karatasi, tukaenda nyumbani. Jumapili mhubiri akasema chakula Mungu ametakasa mtu asiite najisi. Jumatatu mtu akasema ameskia serikali itauwa kuku zote, hata zenye ziko sawa. Kila siku ilikuwa na maneno yake.

Wiki mbili hivi zikapita. Jumatano moja asubuhi tata akafungua kibanda, akakuta nne zimekufa. Ya tano ilikuwa imesimama imepinda shingo, inazunguka kama imelewa, kinyesi kijani.

"Hii ni kideri," akasema. "Naijua tangu niko msichana. Inakuja na huu upepo wa kiangazi."

"Pengine ni ile ingine, tata."

"Ile ingine inakaa aje?"

Nikachukua karatasi nikamsomea. Kuku inapinda shingo. Inahara. Inakosa pumzi. Zinakufa nyingi kwa ghafla.

"Inakaa tu hivi," nikasema.

"Sasa ni nani anajua tofauti?"

"Maabara."

"Iko wapi?"

"Nairobi."

Akaangalia miguu ya zile kuku. Mbili zilikuwa na uzi nyekundu, mbili bluu. "Kuku ya Gitari haiwezi kungoja Nairobi," akasema. "Itaoza."

Nilimwambia karatasi imesema usishike na usihamishe. Akauliza kama karatasi imesema vile Gitari atajua kuku yake imekufa. Nikatafuta, sikuona mahali. Akauliza, na kama watu wa serikali watakuja na nguo zao za kujikinga, wachome zote shimo moja, kila mtu ataonaje yake? Hapo ndio nilijua kile kitu anaogopa. Homa hakuogopa. Aliogopa kuku za watu zipotelee kwake na hakuna mwenye ameona.

Basi akaamua kufuata sheria zote mbili, ya serikali na ya kwetu. Kwa sababu karatasi ilisema usishike na mkono, akavaa karatasi za nailoni kwa mikono, akafunga na kamba ya mgomba. Akaweka kuku kwa gunia. Akasema tunapitia kwa wenye kuku, halafu tunaenda kwa chief kuripoti. Mimi nilitembea nyuma yake nikijiambia hii si sawa, halafu nikijiambia ni sawa, mpaka tukafika.

Mzee Gitari alizigeuza zake na fimbo, akainama akaangalia uzi. "Ni zangu. Hii ilikuwa mama mzuri. Zamani, Ciakuthii, hii tungekuwa tunakula saa hii."

"Usikule, Gitari. Wamekataa."

"Sikuli. Nasema tu zamani." Akatupa nyuma ya choo, na mbwa wake akaenda huko pole pole kama hajatumwa.

Mwalimu Ednah alikuwa amefundisha watoto hiyo karatasi kwa darasa. Alitoka amejifunga leso kwa mdomo. "Mama, weka hapo chini. Weka tu. Nimeona. Rudi nyuma kidogo."

"Angalia uzi, mwalimu."

"Nimeona, ni bluu. Asante. Enda nazo."

Wakati wanaongea, kuku za hapo kwa mwalimu zikakuja kuchokora gunia, vile kuku hufanya zikiona kitu imewekwa chini. Ednah akazifukuza. Zikarudi.

Tukapitia kwa chief kuripoti. Kesho yake Muthamia akakuja na watu wawili wamevaa nguo nyeupe kutoka kichwa mpaka viatu. Watu wakasimama huko juu kwa barabara, hakuna mtu alishuka. Muthamia akafungua kitabu.

"Mama, kuku zako ni ngapi?"

"Sita."

Akaangalia uwanja. Kulikuwa na kama ishirini na tano. "Hizi ni sita?"

"Hizi si zangu. Zangu ziko kwa watu."

"Hizi ni za nani?"

"Hiyo ni ya Gitari. Hiyo ya mwalimu. Hiyo ya mama wa kanisa."

"Na zako sita?"

"Mbili ziko kwa Gitari, tatu kwa mwalimu, moja ng'ambo."

Muthamia akafuta, akaandika, akafuta tena. Mmoja wa wale wa nguo nyeupe akasema kitu ndani ya kofia yake, hakuna mtu aliskia. "Sawa," Muthamia akasema. "Zenye zilikufa ziko wapi?"

"Za Gitari ziko kwa Gitari. Za mwalimu amesema niende nazo, ziko hapo chini ya ndizi."

"Zilifikaje kwa Gitari?"

"Nilipeleka."

"Kufanya nini, mama?"

"Azione."

Muthamia akakaa kwa mawe ya mlango. Nilifikiri atamgombeza. Lakini kwao Meru pia wanaweka mifugo kwa watu, alikuwa anaelewa, na nafikiri hiyo ndio ilimmaliza. Akasema tu, "Mama, mama."

Walitoa damu kwa zenye ziko hai, wakaingiza pamba kwa koo, wakabeba zile mbili za chini ya ndizi kwa sanduku ya barafu. Wakapuliza dawa. Akatuambia hakuna kuku inatoka, hakuna inaingia, hata boma ya Gitari na ya Ednah, mpaka majibu irudi. Ikiwa ni homa ya ndege, kuku zote za huo mteremko zitauawa na kuchomwa.

Tukangoja. Siku ya nne kuku za Ednah zikaanza kukufa. Siku ya sita za Gitari. Huko soko ikasemwa ni dawa ya serikali imeuwa. Wengine wakasema ni tata, ametembeza kifo kwa gunia nyumba kwa nyumba. Salesio akaniambia, "Ambia tata yako asipitie hoteli yangu na mzigo." Watu wakacheka, na mimi nikacheka kidogo, halafu nikaona haya.

Kwa tata pia zilikuwa zinakufa, mbili, tatu kwa siku. Sasa haruhusiwi kutoka nazo. Alifikiria usiku moja, asubuhi akanituma niite wenyewe wasimame nje ya ua ya kayaba. Akachonga fito ndefu. Kuku ikikufa, anaifunga kwa fito, anaiinua juu ya ua, mwenyewe anaangalia uzi akiwa barabarani.

"Umeona?" anauliza kutoka ndani.

"Inua kidogo. Geuza. Ndiyo, ni yangu."

Halafu anazika, shimo refu, na majivu. Mzee Gitari alikuja kila siku. Alisema hajawahi kusalimia kuku yake ikiwa juu hivyo.

Majibu ilikuja baada ya siku kumi na nane. Muthamia alishuka na pikipiki, bila nguo nyeupe. Akasema si homa ya ndege. Ni kideri.

Watu wa barabarani wakapiga makofi. Mtu akasema asante Yesu. Tata hakupiga makofi. Akakaribia ua.

"Dagitari, kideri inatembea aje?"

"Na kuku. Na viatu, na nguo, na gunia." Alitaka kunyamaza hapo. "Na kuku yenye imekufa pia, mama."

"Kwa hivyo ni mimi."

"Pengine ingefika tu. Upepo wa kiangazi..."

"Lakini ni mimi."

"Mama, siwezi kusema si wewe."

Akaongeza kwamba zenye zimebaki zikae ndani wiki tatu zingine, na kuanzia hapo tuchanje kabla ya kiangazi. Zilikuwa zimebaki nne. Tatu za uzi nyekundu na moja ya bluu. Gitari alicheka ati sasa yeye ndiye tajiri. Kwa Ednah hakukuwa hata na unyoya.

Jumamosi Ednah akakuja kwa ua, bila leso kwa mdomo. "Mama, nimekuja kuchukua yangu."

"Haitoki, mwalimu."

"Si walisema si homa ya ndege?"

"Walisema."

"Na ni yangu?"

"Ni yako. Uzi ni wako. Lakini haitoki mpaka wiki tatu iishe."

Mimi sijawahi kuskia tata akinyima mtu kuku yake. Hata yeye mwenyewe nafikiri hakuwa amejiskia. Alikuwa ameshika ua na ile kayaba ina miba.

"Wakati ilifaa usitoke, ulitoka," Ednah akasema. "Sasa nimekuja mwenyewe, unanifungia."

Tata akatoa mkono kwa miba.

"Sawa, ikae. Na ikikufa, zika tu. Usinionyeshe kwa fito. Nitaamini. Nimechoka kuona." Akapanda barabara akaenda.

"Ataamini aje kitu hajaona?" tata akaniuliza. Akauliza tena wakati wa chakula.

Hiyo kuku ilikufa Alhamisi ya wiki ya tatu, siku chache tu zikiwa zimebaki iishe. Tata akachimba, akaweka majivu, akafunika. Halafu akakaa na jembe kwa magoti. Alisimama, akaosha miguu na sabuni vile Muthamia alituonyesha, akabadilisha nguo, akaenda na mikono mitupu. Nilimfuata mpaka kona. Nilimwona amerudi nusu ya njia, amesimama, ameenda tena.

Kurudi, ilikuwa jioni. Nikamuuliza mwalimu amesema nini.

"Alikuwa anachambua maharagwe," tata akasema. "Nilimwambia imekufa. Akasema sawa."

"Halafu?"

"Akaendelea kuchambua."

"Na hakuuliza kitu?"

"Hakuuliza." Akakaa chini, akavua viatu. "Nilingoja hapo mlangoni aulize. Nilingoja sana. Alisema tu sawa."