Keni ya Sekela na Mkasi Wangu

Nakumbuka asubuhi moja ya baridi pale Iringa, mwanangu, mama mmoja alipoingia karakanani kwetu na debe kichwani, akalitua juu ya meza bila hata kutusalimia. Kwetu Iringa mtu akikunyima "kamwene" ya asubuhi, ujue kuna jambo.

Nilikuwa kijana, nimetoka kumaliza kidato cha nne, na nilijiona msomi kati ya mafundi. Karakana ilikuwa ya Mzee Ramji, Mhindi mmoja mpole wa Miomboni, na kazi yetu ilikuwa madebe ya mafuta ya alizeti. Mimi nilikata bati kwa mkasi. Exaveri, rafiki yangu niliyepanga naye chumba kimoja, aliunganisha kingo kwa lehemu.

Sasa sikia kosa langu. Mkono wangu ulikuwa mwepesi, na nilipenda mno kusifiwa kwa wepesi huo. Kabla sijamaliza bati hili, macho yalikuwa yamehamia kwenye bati linalofuata. Kwa hiyo kingo zangu hazikukutana vizuri. Palibaki upenyo wa kupitisha unyasi.

"Bwana msomi," Exaveri alikuwa akiniambia, debe amelishika mbele ya jicho, "kwenye pengo lako hili naona mpaka Kihesa."

"Mwaga lehemu, wewe. Umeajiriwa kuchungulia?"

Anacheka, anamwaga lehemu, pengo linafunikwa, debe linang'aa. Kisha tunalijaribu kama tulivyojaribu kila debe: maji ndani, jivu kavu chini. Jivu likibaki kavu, debe limepita. Madebe yangu yalipita yote. Lakini mezani debe limetulia tu. Halijapanda basi.

Debe la mama yule lilifumuka mshono njiani kwenda Mbeya, mafuta yakalowesha mizigo ya abiria wenzake, wakamtukana safari nzima. Mzee Ramji alipitisha kidole kwenye ufa, akauliza swali moja tu.

"Nani ameunga hapa?"

"Mimi, mzee," Exaveri akajibu. Halafu akanitazama. Hakunisema. Alinitazama tu, akaninyamazia, ili mimi mwenyewe niseme.

Mkasi ulikuwa mkononi mwangu. Niliinama, nikaendelea kukata bati.

Siku ile ile Exaveri aliachishwa kazi, akafunga nguo zake. Baadaye nilisikia amepata kazi Mgololo, kwenye kiwanda cha karatasi. Mimi nilibaki, nikawa fundi mkuu, nikahamia Mbeya, nikaoa, nikaitwa Mzee Madebe. Na nakuambia bila kujificha: niliendelea kukata vile vile, na lehemu ikaendelea kunisitiri.

Mungu akanipa binti, Sekela, jina alilochaguliwa na mama yake Mnyakyusa. Leo Sekela ana karakana yake Mwanjelwa, na anatengeneza keni za maziwa kwa mashine za leza. Mwanangu, niache nijisifu kidogo. Anachora umbo kwenye kompyuta, na mwanga mwembamba kuliko uzi unatembea juu ya bati la stenlesi. Kipande kinadondoka chini, ukingo wake umenyooka kiasi kwamba ukiulaza mezani huoni mwanga chini yake. Kisha anavaa miwani ya kinga, anashika mashine ya pili inayofanana na bomba la kupulizia rangi, anaziunga kingo mbili bila lehemu hata tone. Bati lenyewe linayeyuka na kushikana na mwenzake. Kinachobaki ni mstari kama uliochorwa kwa kalamu. Mtaani nikiona keni imefungwa kwenye pikipiki, namsimamisha mwenye nayo nimuulize kama anajua imetoka wapi. Akisema hajui, namwambia. Akisema anajua, namwambia pia.

Siku moja akina mama wafugaji wa Rungwe walikuja kukagua keni walizoagiza. Nikataka waone kwamba ufundi ule una ukoo. "Nipe bati, mwanangu," nikamwambia Sekela. "Moja nikate mimi, kwa mkono." Alisita, akanipa, kwa heshima tu.

Nilikata upesi kama zamani. Mama mmoja hata akanipigia makofi. Sekela alikunja bati langu, akakutanisha kingo, akawasha mashine. Mwanga ukapita katikati ya mshono, ukala ukingo huku na huku, ukaacha mashimo.

Akazima. "Baba, kingo hazijagusana. Mwanga hauna cha kushika."

"Yeyusha waya hapo, ujaze pengo."

"Kujaza naweza. Lakini mshono utakuwa na mabonde, maziwa yatajificha humo, mama akiosha hayatoki. Kesho yake maziwa mapya yanachacha. Tunakata upya, baba."

"Mzee wetu," yule mama aliyenipigia makofi akasema, "wewe kaa hapa na sisi, tunywe chai."

Wakacheka, nami nikacheka nao, lakini nilikuwa naangalia bati langu likitupwa kwenye chakavu. Kile ambacho Mzee Ramji hakukiona, mashine ilikuwa imekionyesha mbele ya watu, na binti yangu amekitamka taratibu bila hasira. Wageni walipoondoka nilimsimulia Sekela habari yote ya Exaveri. Alinisikiliza hadi mwisho, miwani ikiwa juu ya paji la uso.

"Yuko hai?" akauliza.

"Sijui."

"Hujui, au hujauliza?"

Wiki ile ile nilipanda basi mpaka Mafinga, na jingine mpaka Mgololo, keni mpya ya Sekela mapajani. Nilimkuta Exaveri nyuma ya nyumba yake akimenya viazi, kichwa cheupe kuliko changu. Alinitambua kabla sijafungua mdomo.

"Kamwene, bwana msomi. Miaka yote hiyo, umeniletea kopo?"

"Nimekuletea neno, Exaveri. Debe lile la yule mama, kosa lilikuwa la mkasi wangu. Nilijua siku ile ile, nikanyamaza."

Aliweka kisu chini, akaichukua keni, akaijaza maji, akafunga mfuniko, akaisukuma kwa mguu. Ikaviringika mteremkoni ikigonga mawe hadi ikasimama kwenye mashina ya miti ya misindano. Akaifuata, akairudisha mwenyewe, akaifuta kwa shati lake. Kisha akachota jivu jikoni, akalitandaza, akaiweka keni juu yake. Tukakaa. Tukanywa chai, akanitajia watoto wake, nami wangu. Moyo wangu ulikuwa pale chini ya keni.

Mwishowe akainyanyua. Jivu lilikuwa kavu kama unga. Akapitisha kidole kwenye mshono, taratibu, kama Mzee Ramji.

"Hii hukuikata wewe," akasema.

"Ameikata binti yangu."

"Nilijua." Akanitazama vile vile alivyonitazama Miomboni, ila safari hii alikuwa anacheka. "Mwambie anitengenezee nyingine. Na wewe shika kisu, umenye viazi. Polepole, bwana, usiniharibie."

Mwanangu unayesoma haya, kazi yako yoyote ile ina mtu anayeipokea baada yako. Usimpelekee pengo lako alifunike, kwa maana siku litakapofunguka ataulizwa yeye. Pima tena kabla hujakata. Ukikosea, sema "ni mimi" wakati mwenzako bado amesimama mbele yako, kwa sababu mimi nililisema neno hilo nikiwa mzee, na ujana wa Exaveri sikuweza kumrudishia. Na mtoto wako akija kukuzidi, usishindane naye kwa mkasi. Beba keni yake, uitembeze kwa fahari.

Mungu aitulize mikono yako, akupe macho yanayobaki kwenye kazi iliyo mbele yako, na rafiki atakayekuwekea kiti hata ukichelewa kufika kama nilivyochelewa mimi. Amina.