Ufunguo Niliokataa Kuutoa

Kikundi chetu cha kuweka na kukopa hukutana kila Alhamisi nyuma ya kanisa, hapa Old Moshi. Sanduku letu lina kufuli tatu, na ufunguo mmoja ninao mimi. Tuna mfuko wa kusaidia wagonjwa, na ulikuwa na sharti: mgonjwa asimame, ataje ugonjwa wake mbele ya wote. Tuliliweka baada ya mwenzetu kuomba fedha za malaria, kisha Jumapili akaja na kitenge kipya. Mimi nami nilinyoosha mkono kulipitisha. Hilo linaniuma hadi leo.

Alhamisi moja alisimama wifi yangu, mke wa kaka yangu. Akaomba fedha za hospitali, anaumwa tumbo.

"Tumbo gani, mama?" mwenyekiti akauliza. "Tumbo lina mambo mengi."

Wifi akainamisha kichwa. Mwanamke mmoja nyuma yangu akacheka. Mimi nilijua, maana wifi alikuwa ameniambia: kizazi kimeshuka. Kila akitua mzigo wa majani anayoyabeba kichwani kutoka tambarare, inabidi ajifiche akirudishe kwa mkono. Majani ni ya ng'ombe wa kaka yangu, ambaye hajawahi kubeba hata mzigo mmoja.

"Kama hasemi, akae," mwenyekiti akasema. Akakaa.

Ulipofika wakati wa kufungua sanduku, funguo mbili zikatolewa. Wangu nikaukalia.

"Mama, ufunguo."

"Leo halifunguki. Futeni kwanza lile sharti."

Walinifokea sana. Mmoja alisubiri mkopo wa ada, mwingine mtaji wa kupeleka ndizi sokoni Himo. Nikawaambia wafoke mpaka wachoke, mimi nimekaa. Nilikaa karibu saa mbili kwa hasira, na sehemu kubwa ya hasira hiyo ilikuwa dhidi yangu mwenyewe, kwa mkono wangu ule uliolipitisha sharti. Mwishowe katibu akachukua kalamu, akalikata sharti kwenye daftari. Nikatoa ufunguo, na wifi akapewa fedha.

Hospitali nilimsindikiza mwenyewe. Daktari akamuuliza hali ilianza lini.

"Nilipojifungua kitindamimba wangu."

"Ana miezi mingapi?"

"Yuko kidato cha pili," wifi akajibu.

Alhamisi iliyofuata wanawake wanne walisimama kuomba fedha za hospitali, wote wanaumwa tumbo. Hakuna aliyeuliza tumbo gani. Mmoja wao alikuwa yule aliyecheka.