Siku Nilipoufungia Mtihani Ndani ya Kompyuta

Naona aibu kuwasimulia, maana mpaka leo walimu wenzangu hapa Kibaha wakinisalimia naona wanavyojikaza wasicheke, lakini bora mlisikie jambo hili kwangu kuliko kwa hao wanaoongeza chumvi.

Mimi nafundisha Kemia mkondo A, na Madam Mwantumu anafundisha mkondo B. Muhula uliopita wanafunzi wake waliwaacha wangu mbali sana, na mtihani wenyewe niliutunga mimi! Nikajiuliza, kwa vipi? Halafu nikamkuta mara mbili amesimama kando ya meza yangu, flashi mkononi, kompyuta yangu iko wazi. (Mtu mwenye akili zake angemuuliza, "Madam, unatafuta nini?" Mimi nikanyamaza, nikaanza upelelezi.) Kisha nikaenda kumnong'oneza mkuu wa shule kwamba huyu mama anaiba mitihani, naye akamwondoa kwenye kamati ya mitihani bila kumwambia sababu.

Ukafika mtihani wa ujirani mwema, sisi na shule moja ya Kisarawe, mtunzi mimi tena. Nywila peke yake sikuiamini. Sasa kompyuta yangu inatumia mfumo endeshi wa Linux, na kwenye Linux unaweza kukijenga upya kiini chenyewe cha mfumo, wanakiita kerneli, ambacho ndicho kinachoamua kompyuta itambue kifaa kipi na kipi isikitambue. Nikasema, nikiiondoa humo sehemu ya flashi, hata aje na flashi kumi haitasomeka hata moja. Jumamosi nzima niko nyumbani mtaa wa Picha ya Ndege, feni ya kompyuta inalia, napitia orodha ya majina ya sehemu za kerneli, mamia kwa mamia, na kila jina nisilolijua nalishuku, nalitoa. Mwisho nikaifuta hata kerneli ya zamani, asije mtu akaiwasha kompyuta kwa hiyo. Jumapili baada ya misa nikauandika mtihani, roho imetulia kabisa.

Jumatatu asubuhi nafika shuleni niutume kwa baruapepe, intaneti hakuna. Nachomeka printa, haionekani. Flashi ndiyo hiyo nimeshaiua mwenyewe. Kumbe yale majina niliyoyashuku ndiyo yaliyokuwa yakifanya kazi zote hizo! Kidato cha Nne wameshakaa kwenye madawati, Kisarawe wanapiga simu, na mkuu wa shule kasimama nyuma yangu.

"Mwalimu, mtihani uko wapi?"

"Upo, mkuu."

"Upo wapi?"

"Humu ndani."

"Basi utoe."

"Hautoki, mkuu."

Walimu wakasogea wote, ikabidi nieleze nilichokifanya, na mkuu kwa hasira akaropoka mbele ya kila mtu, "Yaani yote haya kwa sababu unamshuku Mwantumu?"

Madam Mwantumu akaweka kikombe chake cha chai mezani.

"Kumbe ndiyo maana niliondolewa kwenye kamati," akasema.

Hakuniangalia. Akatoa simu yake, akapiga picha kioo cha kompyuta ukurasa baada ya ukurasa, mimi ndiye ninayemfunulia, akatuma Kisarawe, kisha akaenda kuyaandika maswali ubaoni, mkondo B na mkondo A pia.

Aliporudi na chaki mikononi nikamwomba radhi mbele ya wote, nikamuuliza ile flashi ilikuwa ya nini.

"Ya maswali yangu ya mazoezi," akasema. "Nilitaka kukupa. Watoto wako wanakuja kwangu kila Jumamosi kuniomba niwafundishe."

Nilitamani ardhi ipasuke.

Amesharudishwa kwenye kamati, na mimi nimeapa kwamba nikimtilia mtu shaka namuuliza usoni, kerneli sigusi tena. Yeye anasema amenisamehe. Ila kila nikifungua kompyuta ofisini, anakusanya madaftari yake na kuinuka.

"Naenda kukaa nje, Mwalimu," anasema kwa upole kabisa, "ufanye kazi kwa amani."