Dirisha la Mama Saidi

Enzi zetu kompyuta haikuwekwa mfukoni, ilipandishwa basi. Ya kwetu ilitoka Masasi imeviringishwa blanketi la kijivu, ikakalishwa kiti cha peke yake, na baba akasimama pembeni yake mpaka Newala akiishikilia kama mgonjwa. Sisi watoto tuliacha kombolela katikati tukakimbilia stendi kuipokea. Mwenzetu aliyekuwa amejificha nyuma ya mkorosho wa jirani hakuambiwa kwamba mchezo umekwisha, na hilo hajatusamehe hadi leo.

Baba alikuwa mwalimu wa sekondari. Aliinunua, ikiwa imekwishachakaa ofisini kwa watu, ili achapie mitihani. Iliwekwa sebuleni na kufunikwa kitambaa cha kufuma, na sheria zake zikawa nyingi kuliko za madrasa: usiisogelee na mikono yenye maji ya mabibo, usile ming'oko, viazi vyetu vya porini, karibu yake, usiipigie chafya. Rika langu mnaukumbuka ukungu wa Newala wa mwezi wa sita, ule unaoingia ndani bila kupiga hodi. Kwa kuogopa mashine itapata baridi, mama alifunga madirisha yote ya nyumba mapema, kisha baba akatutangazia kwamba hata kompyuta yenyewe ina madirisha.

"Mangapi?" mama akauliza.

"Kadiri unavyotaka."

"Mbona siyaoni makomeo?"

Tulicheka mpaka baba akatutoa nje. Mama hakujua kusoma, lakini hakuwa mtu wa kudanganywa, na kitu kisicho na komeo hakukiita dirisha.

Sasa niwaambie kuhusu kaka Saidi. Ndiye kifungua mimba wetu, na kwa ajili yake mtaa mzima ulimwita mama Mama Saidi. Nilipokuwa darasa la tatu aliondoka kwenda Afrika Kusini kutafuta maisha. Ikapita miaka miwili na zaidi bila barua wala salamu. Kila aliyemwita mama kwa jina lake alimtonesha kidonda bila kujua. "Mama Saidi, maji yamepatikana?" "Mama Saidi, habari za asubuhi?" Naye anaitikia, anatabasamu, anapita.

Siku moja msafiri aliyetoka huko alituletea sidii. Alisema ndani yake kuna Saidi mwenyewe, anaonekana na anasema. Tulijaa sebuleni, majirani na viti vyao. Lakini baba, kwa kuogopa mtihani wake usifunikwe, alikuwa amemwomba fundi apange kila programu nyingine ifunguke ikiwa imekunjwa, kijistari tu chini ya kioo. Basi tukauona mtihani wa jiografia, na kutoka ndani ya mashine ikaja sauti: "Shikamoo mama. Mimi mzima. Msinililie."

Mama aliinuka. "Sura yake iko wapi?"

Baba akabonyeza huku na huku, jasho likimtoka. Sauti ikarudia, sura haikuja.

"Sauti bila mtu ni ya maiti," mama akasema. "Saidi amekufa, mnanificha." Mara umeme ukakatika, na umeme wetu wa siku zile ukikatika ulikuwa umeaga. Jioni ile mama hakula.

Kesho yake, baba alipokuwa shuleni, umeme ukarudi. Nilikuwa darasa la sita, Kiingereza changu ni cha kuokoteza. Nikavunja sheria zote. Nilichukua kamusi ya baba, nikainakili video ndani ya mashine, nikaitengenezea alama yake ya njia ya mkato, nikabonyeza alama hiyo kwa kitufe cha kulia cha mausi. Ikatoka orodha ndefu. Nikatafuta neno moja moja kwenye kamusi mpaka nikafika kwenye sifa za ile alama, na humo nikakuta pa kuchagua dirisha lifunguke vipi: la kawaida, lililokunjwa, au lililojaa kioo kizima. Nikachagua la kioo kizima. Kisha alama ile nikaihamishia kwenye kasha la vitu vinavyoamka pamoja na mashine, ili mama asimwombe mtu yeyote kumfungulia mwanawe. Nilimwita, nikazima, nikawasha.

Kaka Saidi akajaa kioo chote, ameketi kitandani na kofia ya sufu. "Shikamoo mama."

"Marahaba baba yangu," mama akasema. "Marahaba. Umekonda." Akakaa chini sakafuni akalia, nami nikalia, na mpaka leo sijawahi kufanya kazi yoyote iliyonifurahisha kama ile.

Toka hapo kila kompyuta ilipowashwa kaka alitangulia kuamkia. Baba alinung'unika kwamba ile ni mashine ya kazi. Mama akamjibu, "Baba Saidi, salamu haiachwi bila kuitikiwa." Alikuwa mkali, baba yetu, lakini mara nyingi nilimkuta ameketi mbele ya mashine isiyowashwa, mikono magotini, mitihani imemkalia kooni, anamngoja mama apande kutoka bondeni na ndoo yake. Mama akishatua, ndipo anawasha. Na hakuna aliyethubutu kulifunga dirisha lile kabla ya marahaba.

Miaka ikaenda. Alasiri moja mama alikuwa uani anachekecha unga wa muhogo, mimi nakosha vyombo. Nyuma yetu ikasikika, "Shikamoo mama."

"Marahaba baba yangu," akaitikia bila kugeuka, chekecheke likiendelea. Kisha mkono ukasimama.

"Umeme si umekatika tangu asubuhi?" akaniuliza.

Mimi nilikuwa nimeshageuka. Mama hakupiga kelele wala hakukimbia. Aliliweka chekecheke chini, akafuta mikono kwenye kanga, akasema bila kumtazama bado, "Rudia."

Kaka akarudia. Ndipo mama akageuka.

Siku hizi wanangu wana madirisha ishirini kwenye simu moja na hawalifungi hata moja. Mtume mtoto dukani, anakwambia subiri kwanza imalize kufunguka, kana kwamba yeye ndiye fundi mitambo. Wanaamkia macho yakiwa kwenye kioo, na ukiitikia wameshapita. Nawasema sana. Lakini mama yuko Newala, mimi niko Dodoma, na kazi zimenisonga, basi Ijumaa nami namwandikia: "Shkm mama." Herufi nne na jina lake. Wazee walisema barua ni nusu ya kuonana, sijui hii wangeiita robo ya nini.

Juzi nilimpigia binti wa kaka, anayekaa naye, nikamuuliza kama bibi huwa anasomewa ujumbe wangu. Akacheka. "Namsomea, shangazi. Kila mara anaishika simu anaitikia marahaba. Nimemwambia husikii, lakini haachi. Halafu anauliza mbona sura yako haiji."