Poda Kabla ya Majibu

Tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa labo ya kitivo chetu, pembeni kabisa, kana kwamba waliogopa lisije likasomwa. Mwanafunzi mmoja atachukuliwa likizo kubwa yote kufanya utafiti na profesa, atapewa bourse, yaani fedha za masomo, na jina lake litaandikwa kwenye kazi itakayochapishwa. Utafiti wenyewe ni juu ya vumbi na metali ndani ya miili ya akina mama na watoto wa Ruashi, mtaa ulio jirani na migodi. Mimi ni mama. Ninakaa Ruashi. Vumbi lenyewe ninalikung'uta kila asubuhi kwenye chandarua cha mwanangu. Nikasema, hili wameliandika wakiniangalia.

Diploma niliyo nayo mkononi ni ya sekondari tu. Ya chuo bado ninaipigania, na mtoto mgongoni. Na bourse hii si peremende: anayeipata, mlango wa labo unabaki wazi kwake mpaka anamaliza masomo. Wengine wote tunasoma kemia kwa kuchora mirija ya kioo kwenye daftari. Mimi nilikuwa nimechoka kuchora.

Asistani wa profesa alipokea ombi langu, akalisoma akiwa amesimama, akasema nimeandika vizuri kwa mama. Kwa mama. Sijui alidhani akina mama huandika kwa mguu.

Jina langu likatoka kati ya wale wachache walioitwa kuhojiwa. Hapo mama mdogo wangu, ambaye ninaishi kwake tangu nilipozaa, akaharibu mambo. Kwetu mtu akipata diploma ya Serikali anamwagiwa poda nyeupe kichwani, anatembezwa mtaani akipigiwa kelele. Nilimweleza kwamba kuhojiwa si kupata. Alielewa vizuri sana. Alisema kati ya watu wengi hivyo walioomba, kuonwa tu ni kupata, na poda ni yake. Nikamwagiwa. Akina mama wa avenyu nzima, mlango kwa mlango, wakatoka na makopo yao ya poda, hata wale ambao hatusalimiani nao vizuri. Niliosha nywele mara ngapi sijui, na bado siku ya mahojiano nilikuwa na weupe nyuma ya sikio.

Walikuwa watatu nyuma ya meza: profesa, asistani wake, na mama mmoja mwalimu mwenye miwani. Nilikuwa nimesoma juu ya kobalti, metali ya migodi yetu, mpaka naiota. Nilikuwa nimeandaa namna ya kuchukua vumbi madirishani bila kulichanganya na la sakafuni. Swali la kwanza la profesa likawa hili:

"Mama, mutoto atabakia na nani?"

"Na mama mudogo wangu, prof. Anabakiaka naye siku zote za masomo."

"Na akigonjwa?"

"Atapona, prof."

Asistani akaandika kitu. Wakaendelea hivyo hivyo: baba ya mtoto yuko wapi, anakubali, nitatembeaje kwenye parsela, nyua za watu, na jua lile. Kobalti haikutajwa. Muda wa kunyonyesha ukapita nikiwa kwenye kile kiti, maziwa yakashuka yenyewe, yakapita sutia, yakapita blauzi niliyoazima. Yule mama mwenye miwani akaangalia doa, halafu akaangalia dirisha. Profesa aliangalia doa tu. Wakanishukuru, wakasema watanijulisha.

Hawakunijulisha. Nilisoma mlangoni, kwenye kona ileile. Aliyepata alikuwa kamaradi wa darasa letu, baba wa watoto wawili. Si mjinga, sitamsingizia. Nilimuuliza kama walimwuliza watoto watabaki na nani. Alishangaa kabisa.

"Bataniulizia nini? Batoto beko na mama yabo."

Kurudi nyumbani kukawa adhabu. Kila mlango niliopita ulikuwa umenimwagia poda. Nilimkasirikia mama mdogo, nikamwambia amenifanya kichekesho cha Ruashi nzima. Aliendelea kupepea jiko lake la mbabula, makaa yakashika moto.

Likizo ikaanza, na baridi yake, na vumbi lake. Asubuhi moja nilikuwa nafua uani nikasikia hodi. Kamaradi huyo, ndani ya koti jeupe la labo ambalo bado lilikuwa na mikunjo ya dukani, na kisanduku cha barafu begani. Darasani aliniita kamaradi. Pale akaniita mama. Alisema wanatafuta akina mama wanaonyonyesha watoe maziwa kidogo kwenye vichupa, yakapimwe metali. Avenyu yetu wote wamemkatalia, basi anaomba nitoe mimi, halafu niongee na wenzangu.

"Profesa mwenyewe njo alikukumbuka," akasema, kama mtu anayeniletea zawadi.

"Alikumbuka nini? Kichwa ao kifua?"

Akainama kufungua kisanduku chake. Mimi sikuwa na haja ya jibu, doa aliloliangalia profesa nililijua. Kufanya utafiti sifai kwa sababu ninanyonyesha, kukamuliwa ninafaa kwa sababu hiyohiyo. Watu wamesoma miaka yote ile na hawaoni haya.

Mama mdogo alikuwa kwenye mbabula yake, hata hakugeuka.

"Pudre tulimwagia huyu. Weye hatukujue. Siku yeye atashika kichupa, tutatoa maziwa."

Kamaradi akacheka, akidhani ni mzaha. Ng'ambo ya ukuta jirani yetu, mmoja wa wale tusiosalimiana nao vizuri, akajibu kwamba na kwake ni hivyohivyo, na kwamba yeye maziwa ni mengi mpaka anayamwaga. Sikuwa nimewapanga. Walishaongea wenyewe. Kijana akaondoka na vichupa vitupu, barafu imeyeyuka, maji yamemlowesha suruali pale mbele, na kila aliyekuwa mlangoni akamwangalia hapo.

Baadaye asistani akanipigia simu. Nije niwasaidie kuongea na akina mama, watanipa ya teksi. Nikauliza jina langu litaandikwa kwenye kazi. Akasema tutaona. Nikamwambia basi, mimi pia nitaona. Wakaenda mtaa wa Naviundu, nasikia huko walipata. Avenyu yetu haimo kwenye utafiti wa Ruashi, na siwaonei huruma.

Mwaka huu tangazo limebandikwa tena, kona ileile. Nimeshapeleka ombi. Mtoto sasa anatembea, wakiuliza atabaki na nani nitawaambia wamuulize mwenyewe. Mama mdogo ameshanunua kopo jipya la poda, ameliweka juu ya kabati. Nimemwambia safari hii asubiri majibu. Anasema poda yake haikuwahi mno, ni majibu yao ndiyo yanayochelewa.