Ushuhuda wa Mama

Dawa niliipika mwenyewe, nyuma ya kibanda changu mtaani Kimbo, Ruiru. Majani ya muarubaini na thabai, yale yanayowasha, nayachemsha mpaka maji yawe meusi, nachuja, natia kwenye chupa za soda. Nilisema inashusha sukari. Sikuwa nimeijaribu kwa mtu yeyote ila mama yangu.

Na sukari ya mama ilishuka kweli. Alikuwa ameacha chai tamu, amepunguza ugali, na kila asubuhi anameza tembe za hospitali. Hayo yote niliyajua. Sifa nikaipa chupa.

Kanisani kwetu Witeithie, aliyepona husimama akatoa ushuhuda. Nilimsukuma mama mpaka akasimama.

"Bwana asifiwe! Nimeokoka na ninampenda Bwana. Sukari ilikuwa inanimaliza, lakini tangu nianze kukunywa dawa ya msichana wangu, niko sawa kabisa."

Tembe hakuzitaja. Watu walipiga makofi, na baada ya ibada niliuza chupa zote.

Siku ya kliniki alivaa vizuri, akachukua kitabu chake. Nikamzuia mlangoni. Kliniki ya sukari ni benchi moja tangu alfajiri, na nusu ya benchi ni akina mama wa kanisa letu.

"Wakikuona kwa laini watasema aje, Mum? Ati ulidanganya mbele ya madhabahu?"

Mama aliogopa aibu kuliko kifo. Akarudi ndani, akavua viatu. Tembe zilipoisha hakwenda kuchukua nyingine. Nilimwongezea kikombe cha dawa asubuhi na jioni, naye akanywa huku amekunja uso, bila kunung'unika. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi ndiye niliyemfundisha mama yangu kuficha.

Kidonda kilianzia kwenye kidole cha mguu, kiatu cha kanisani kilipomchubua. Alikifunika kwa soksi wiki nzima. Nilikijua kwa harufu. Hospitalini walikata mguu chini ya goti. Daktari aliuliza aliacha tembe lini. Mama akanitazama, mimi nikatazama dirisha.

Akina mama wa kanisa walituma habari kwamba wanakuja kumwona. Kabla hawajafika, mama alinishika mkono.

"Usiwaambie ni sukari. Sema nimegongwa na bodaboda. Wewe si bado unauza?"

Wakaja na uji kwenye thamosi. Nikawaambia ni bodaboda. Waliwalaani waendeshaji wote wa Ruiru, wakaomba, wakalia, na mama akaitikia amina kwa sauti kuliko wote.

Mmoja alibaki nyuma. Akaniuliza polepole, pale pale kando ya kitanda, kama bado nina ile dawa. Mzee wake sukari imepanda, na tembe zimemchosha.

Nilikuwa na chupa mbili kwenye mkoba. Nilimuuzia zote, mama akitutazama.