Severina na Namba ya Hospitali

Severina alikuwa Mhehe wa Kilolo, mrefu, mchache wa maneno, na ukimuudhi alinyamaza siku tatu kabla ya kukujibu. Mimi ni Mnyakyusa, kunyamaza sikujui, na watu wa ofisini walishangaa tulivyopatana. Naandika habari zake kwa sababu waliozisimulia kabla yangu walisema alikuwa mzembe. Hapana. Mzembe alikuwapo, na nitamtaja.

Alisoma kwa masista mpaka darasa la nane, kisha akaajiriwa kuwa opereta wa simu katika kituo kimoja kidogo mkoani Iringa. Miaka tisa alikaa mbele ya swichibodi ya mkono, ile ya matundu na nyaya za kuchomeka. Chini ya kila tundu palikuwa na lebo ya karatasi yenye namba na jina la mwenye simu. Tundu likianza kukwaruza, fundi alihamishia waya kwenye tundu zima, na Severina akaibandua lebo na kuibandika huko. Kazi imekwisha. Namba ilikuwa imehama kweli, maana aliyekuwa akiisoma ni yeye mwenyewe kwa macho yake.

Mwaka sabini na tano akapewa uhamisho kuja Mbeya. Huku tulikuwa na mashine. Mtu wa mjini alizungusha namba na mashine ikamtafutia mwenyewe, sisi maopereta tukabaki na simu za mbali tu. Severina hakuwekwa kwetu. Mwandiko wake ulikuwa safi, kwa hiyo wakampa kutunza fremu, yaani safu ya vyuma yenye matundu mia kadhaa ambako nyaya za mji mzima zilifungwa, pamoja na sanduku la kadi za kuonyesha tundu lipi ni la nani. Fundi mkuu, bwana Kalinga, alimfundisha asubuhi moja. Akamwonyesha kadi, akamwonyesha brashi ya vumbi, akamwonyesha namna ya kukaza waya. Jambo moja hakumwambia, kwa kuwa kwake lilikuwa wazi mno: kwamba kwenye mashine ile namba imo ndani ya tundu lenyewe. Mashine haisomi karatasi. Ukiuhamisha waya wa mtu, mtu huyo amechukua namba ya tundu alilohamia, hata ubandike lebo kumi.

Karibu mwaka mzima hilo halikudhuru kitu, kwa sababu Kalinga ndiye aliyehamisha nyaya. Severina alifuta vumbi na kuandika kadi. Alikuwa na wasiwasi wa ugenini. Kila jioni tukishafika barabarani alirudi kuangalia kama mlango wa chumba cha fremu umefungwa. Nilimtania, "Ninyi Wahehe mlipigana na Mjerumani, leo unaogopa kitasa?" Alicheka kidogo, halafu akarudi kuangalia tena.

Februari ya mwaka uliofuata mvua iliangusha nguzo njia ya Chunya, na Kalinga akaenda huko na vijana wake wote. Jumamosi asubuhi daktari akaja ofisini mwenyewe, koti limelowa, anafoka. Simu ya hospitali, namba 316, ilikuwa inakwaruza hata hawasikii wanachoambiwa. Ndiyo iliyokuwa simu pekee pale iliyokuwa na mtu wa kupokea usiku na mchana. Zahanati zote za huko Usangu ziliitegemea kuomba gari la wagonjwa.

"Kalinga anarudi Jumatatu," Severina akamwambia.

"Jumatatu mtu atakuwa amekufa," daktari akasema, akaondoka.

Yale maneno yalimkaa. Alizunguka na sanduku la kadi mpaka akapata namba 340, ya ghala la tumbaku kule Ilomba. Msimu wa kununua ulikuwa bado, ghala limefungwa, tundu lake halina kutu hata kidogo. Akaufungua waya wa hospitali, akaufungua na wa ghala, akabadilishana. Halafu akafanya kama alivyofanya miaka tisa: akabandua lebo zote mbili na kuzihamisha pamoja na nyaya. Akaandika kadi upya. Akachukua simu ya kupimia, akaigusisha moja kwa moja kwenye waya wa hospitali bila kupitia mashine, na muuguzi akajibu, "Eeh, sasa tunakusikia vizuri sana, dada, asante!" Akafunga mlango. Nadhani siku ile ndiyo pekee ambayo hakurudi kuangalia kitasa. Alikuwa na furaha, masikini.

Sasa nakuja kwangu mimi, Tupokigwe.

Jumamosi ile zamu ya jioni ilikuwa yangu. Saa kumi na moja ikaingia simu kutoka zahanati moja ya Usangu. Nesi wa huko, Esta, nilimjua kwa sauti.

"Tupo, niunganishe hospitali upesi. Nina mama hapa, uchungu umemshika tangu alfajiri, mtoto amekaa vibaya."

Nikazungusha 316. Ikalia. Ikalia mpaka ikakatika. Nikazungusha tena, hivyo hivyo.

"Hawapokei," nikamwambia. "Wale Jumamosi wanajifanyia wanavyotaka. Jaribu tena baada ya muda wa saa moja."

Akajaribu baada ya saa moja, akajaribu tena saa mbili kasoro, na mara zote nikasikia kengele ikilia upande wa pili bila mtu. Kutoka ofisini kwetu hadi hospitali ni mwendo wa dakika kumi na tano kwa miguu. Ningeweza kumtuma tarishi. Ningeweza kwenda mwenyewe. Mvua ilikuwa kubwa, nami nilikuwa nimewakasirikia watu wa hospitali, nikaona huo uvivu wao utawaumbua siku moja. Saa mbili laini ya Usangu ikafungwa kama kawaida, nikavaa koti nikaenda zangu kulala nyumbani, mtaa wa Soweto. Nililala vizuri. Hilo najilaumu nalo mpaka leo.

Jumapili mwenzangu aliugua, nikarudi kazini asubuhi. Saa tatu tu laini ilipofunguliwa, Esta alikuwa hapo. Safari hii alikuwa analia. "Yule mama bado, Tupo. Amechoka, hasukumi tena. Wapigie, nakuomba." Nikazungusha 316, nikazungusha tena. Haiwezekani hospitali nzima isipokee tangu jana.

Wakati huo Severina alikuwa anatoka misa. Alikuwa amepanga chumba Ilomba, na njia yake ilipita mbele ya lile ghala. Mlinzi, mzee Nkuba, Msukuma aliyekuja na ng'ombe wake huku kusini na kubaki bila ng'ombe, alikuwa amekaa barazani amejifunika gunia. Ndani ya ghala simu ilikuwa inalia.

"Inalia kweli leo," Severina akasema, kwa kusalimia tu.

"Leo?" mzee akasema. "Hii toka jana jioni, mama. Inalia, inaacha. Inalia, inaacha. Mi nasema labda tajiri wa tumbaku kapotelewa na kitu."

Severina alinieleza baadaye kwamba hapo ndipo alipojiuliza. Nani anapiga simu ghala la tumbaku, Jumapili, mwezi wa pili? Akaziona akilini zile lebo mbili alizozihamisha jana. Akakumbuka kwamba tangu afike Mbeya hajamwona mtu yeyote akisoma lebo ili kuunganisha simu. Simu ikanyamaza, kisha ikaanza tena.

"Fungua, mzee."

"Ufunguo sina. Anao karani."

"Basi vunja dirisha."

"Nivunje? Nifungwe mimi?" Mzee akasimama mbele ya dirisha kabisa. "Mama, wewe ni mtu wa kanisa."

Severina akaokota jiwe, akamzunguka, akavunja kioo na kuingia na gauni lake la misa. Kipande kikamchana mkono kutoka kiwiko hadi kiganjani. Akawa anapapasa katika giza na vumbi la tumbaku, anafuata mlio, anaomba usikatike.

Mimi upande wangu nikasikia mkono wa simu unainuliwa.

"Hospitali!" nikapiga kelele. "Mlikuwa wapi ninyi?"

"Tupo?" Ilikuwa sauti ya Severina, anahema.

"Dada Seve! Uko hospitali?"

"Niko ghalani. Umezungusha namba gani?"

"316."

Nilisikia akiirudia namba hiyo mwenyewe.

"Zungusha 340."

"340 si ya ghala hiyo?"

"Zungusha, Tupo! Usiniulize, zungusha!"

Nikazungusha. Haikulia hata mara mbili. "Hospitali," sauti ya mwanamume ikasema, imetulia, ya mtu aliyekuwa amekaa hapo hapo muda wote. Nikamwunganisha na Esta. Baada ya robo saa nikaambiwa gari limeondoka. Nikaandika kwenye karatasi kubwa, HOSPITALI NI 340, nikaibandika mbele ya viti vyote vya maopereta.

Zamu ilipokwisha saa nane nilimkuta Severina kwenye benchi la hospitali, mkono umefungwa kitambaa cha kichwani. Hakutaka kushonwa mpaka gari lirudi. Nikakaa. Hakuniuliza habari ya mashine. Alikwisha kuielewa yote.

"Jana walipiga?" akauliza.

"Mara tatu."

"Ya kwanza saa ngapi?"

Nilitamani kumdanganya. "Saa kumi na moja."

Akahesabu kwa vidole, polepole, mpaka saa nne asubuhi ya leo. "Saa kumi na saba," akasema. Nikamwambia mimi ndiye niliyemwambia Esta asubiri, mimi ndiye niliyewatukana watu wa hospitali badala ya kuwaendea. Akanishika goti. Kila gari lililopita barabarani tulisimama. Lilipita la maziwa, likapita la padri, likapita basi la Iringa. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani, na yule mama hata sura yake sikuijua.

Gari la wagonjwa lilifika saa tisa na nusu, tope hadi madirishani. Walimshusha mwanamke kijana, macho yamefumba, wakaingia naye ndani mbio. Anaitwa Ng'washi, tukaambiwa. Nyuma yake alishuka mumewe, Antoni, na viatu vya matairi, amekumbatia kitu kidogo kilichofungwa kwenye kanga. Hakuwa na haraka. Tukajua.

Tukakaa tena. Jua lilianza kuteremka ndipo muuguzi akatoka na kusema mama atapona. Kisha akaongeza, si kwa ubaya, "Mama angeletwa jana, mtoto tungemwahi." Aliposema hivyo Severina aliinamisha kichwa kama aliyepigwa.

Antoni akatujia. Mtu wa gari, naye kaambiwa na wauguzi, alikuwa amemsimulia.

"Ni wewe mama uliyepokea simu?" akamwuliza Severina. "Wanasema ulivunja dirisha. Ulijikata kwa ajili yetu." Akapiga goti kidogo, kwa heshima ya kwao, na ule mzigo mikononi. "Toka jana hakuna mtu alipokea. Wewe tu umepokea. Mke wangu yuko hai. Asante, mama. Asante sana."

Nilimkanyaga Severina mguu chini ya benchi. Nilitaka anyamaze. Alikuwa hodari wa kunyamaza, kwa nini asinyamaze siku hiyo moja? Nani angejua?

Akasimama.

"Mimi ndiye niliyefanya isipokelewe," akasema. "Jana nilihamisha waya wa hospitali nikakosea. Simu zenu zilikwenda ghalani. Ni mimi."

Antoni alimtazama. Niliona taya lake likikaza, nikadhani atampiga, na kusema kweli nisingemzuia. Alimtazama usoni, akautazama ule mkono uliofungwa, akaitazama kanga.

"Mimi nakwenda kumzika huyu kabla giza halijaingia," akasema mwishowe. "Mke wangu hana ndugu hapa Mbeya. Akiamka asikute hakuna mtu. Wewe kaa naye."

Akaondoka na yule mtu wa gari. Severina akaingia wodini, akavuta kiti, akakaa kando ya kitanda, nami nikasimama mlangoni. Taa zilipowashwa Ng'washi akafumbua macho. Akapapasa tumbo lake, akamwona mwanamke asiyemjua, akamwuliza mtoto wake yuko wapi.

Severina akamshika mkono na kuanza kumweleza. Mimi nilishindwa, nikatoka nje.